Mjohoro wa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimepiga hodi kwenye miti yote ya bustani ya manispaa. Ndiyo kazi yangu kila mwaka kabla ya mvua kubwa: nazunguka na nyundo ya mbao, nagonga kila shina na kutega sikio. Mti mzima hujibu papo hapo kwa sauti kavu, kama mwenye nyumba aliyekaa sebuleni. Mti ulioliwa ndani hujibu kwa mbali, kama mtu aliyeko bafuni. Wapita njia wananicheka, lakini nimeshazoea.

Mwaka huu mitano imenijibu kutoka bafuni. Minne iko nyuma kabisa, karibu na ukuta, na hakuna mtu atakayeililia. Wa tano ni mjohoro mkubwa wa langoni. Nimeugonga chini, nikaugonga katikati, nikaondoka, nikarudi kuugonga tena nikitumaini umebadili mawazo. Haukubadili. Ukipigwa na upepo wenye maji, tawi moja la pale juu linatosha kuvunja benchi zote na walioketi juu yake.

Anayeketi juu yake, kila siku ya Mungu, ni mama mkwe wangu.

Alihamia kwetu mwaka jana. Ni mwalimu mstaafu wa chekechea, na kwake watu wote bado wana miaka minne. Pacha wakishaenda shule, huchukua fimbo yake na mto wa kukalia, akavuka barabara, akaketi chini ya mjohoro na wazee wenzake hadi mchana. Mimi humwita Mama na kuongea nikitazama viatu vyake. Katika miaka yote ya ndoa sijawahi kumbishia hata kuhusu hali ya hewa.

Jumatano, 4 Machi

Nimefunga vitambaa. Utaratibu wetu ni huu: mti wa kupunguzwa matawi unavaa kitambaa cheupe, wa kukatwa unavaa chekundu. Hivyo Kinyozi akija na msumeno wake hana haja ya kuuliza mtu. Kinyozi ndiye mkata miti wetu. Jina alijipa mwenyewe, kwa sababu anasema miti ni wateja wake na hajawahi kumkata mtu sikio.

Ile minne ya ukutani niliivalisha bila shida. Langoni nikangoja mama mkwe aende msalani, nikafunga chekundu haraka kama mwizi. Sikuwahi kuondoka kabla hajarudi.

"Baba Pacha, hicho kitambaa ni cha nini?"

Nilitazama viatu vyake. Nilikuwa na jibu la kweli, limekaa tayari ulimini. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni heshima, Mama. Tunaienzi miti ya zamani."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umefanya la maana. Siku hizi wazee hawaenziwi."

Nimeenda nyuma ya stoo nikakaa juu ya ndoo.

Alhamisi, 5 Machi

Amenisifu mezani mbele ya watoto. Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 7 Machi

Mkuu wa ofisi ya bustani ametuma ujumbe: miti mibovu yote iwe imeondolewa kabla mvua hazijachanganya, na kazi ifanyike "bila kelele." Kinyozi ameuliza kama atumie msumeno au mkasi wa kucha.

Tumekubaliana aanze na mjohoro Jumatatu asubuhi. Nimempa siku mbili mama mkwe za kukaa kwa raha, na siku mbili mimi za kutafuta namna ya kumwambia. Mke wangu nimemweleza leo. Alisikiliza hadi mwisho, akakunja nguo mbili tatu, akasema, "Uliyemdanganya ni wewe, utakayemwambia ni wewe. Mimi nitakuwa chumbani."

Jumatatu, 9 Machi

Sikumwambia. Jana nilianza mara nne. Mara ya nne nikaishia kumuuliza kama chai ina sukari.

Asubuhi Kinyozi alinipigia simu kutoka langoni. "Bosi, samahani. Tunahamia wapi?"

"Kwa nini?"

"Si tunakata bustani nzima? Njoo uone."

Nikaenda. Kila mti ndani ya bustani ulikuwa umevaa kitambaa chekundu. Mikubwa, midogo, hata ule mlimau wa kando ya choo ambao hautoshi kufunika paka. Vyeupe vyangu vyote vilikuwa vimefunguliwa na kukunjwa vizuri juu ya benchi, na mama mkwe wangu pamoja na wenzake walikuwa wakifunga cha mwisho kwenye nguzo ya taa.

"Si vizuri kubagua," akanieleza. "Ukiwaenzi watano, wengine watajisikiaje? Darasani ukimpa mmoja peremende, unawapa wote."

Nilisema asante. Ndiyo, nilisema asante, na Kinyozi ni shahidi. Halafu nikachukua nyundo yangu nikaanza kupiga hodi upya bustani nzima, maana hata ile minne ya ukutani sikuikumbuka vizuri ni ipi kati ya ndugu zake.

Jumanne, 10 Machi

Njia ya mwongo fupi. Yangu imefika mwisho saa nne asubuhi.

Nilikuwa kule ukutani nikigonga. Kinyozi alikuwa langoni akinywa maji, na mama mkwe akamwita amsifie vitambaa. Kinyozi ni mtu mwema, na tatizo la watu wema ni kwamba wanasaidia bila kuombwa. Akamwambia, "Vizuri sana Mama, ila nyekundu kwetu ni ya kukata. Huu wako ndio wa kwanza."

Nilimkuta amesimama, mto wa kukalia kwapani.

"Ni kweli?" akaniuliza.

"Ni kweli, Mama. Mti umeoza ndani. Mvua zikija utaanguka."

"Na ile heshima?"

Nilitazama viatu vyake. Havikunisaidia. Akaurudisha mto kwenye benchi, akaketi, akaishika fimbo kwa mikono miwili na kuacha kuniona. Sisemi alinitazama vibaya. Aliacha kuniona kabisa.

Jumatano, 11 Machi

Mama mkwe hasemi na mimi. Mezani anapitisha maneno kwa mke wangu, na mimi niko umbali wa kijiko.

"Mwambie mumeo anisogezee chumvi."

Mke wangu ananiangalia. Nasogeza chumvi.

"Mwambie nimeshukuru."

Pacha wameona ni mchezo mzuri, na sasa nyumba nzima wanatumana hivyo hivyo. Kabla ya kulala mmoja ameniambia, "Mwambie baba yangu naomba maji."

Ijumaa, 13 Machi

Anafika bustanini lango likifunguliwa na kuondoka likifungwa. Chakula cha mchana anakula hapo hapo. Kinyozi anasema hawezi kukata mti wenye mtu, sheria za kazi haziruhusu, na hata zingeruhusu, huyu bibi ndiye aliyemfundisha dada yake kusoma.

Ile minne ya ukutani tumeikata leo. Hakuna aliyetutazama ila paka.

Jumatatu, 16 Machi

Mawingu mazito jioni. Hayakunyesha. Sikulala vizuri.

Jumatano, 18 Machi

Nimemwomba mke wangu aongee na mama yake. Ameongea, akarudi na uso mwingine, akaketi kitandani.

"Anasema hapa kwetu ana kitanda. Pale ana mahali."

Nikauliza maana yake nini.

"Maana yake hapa tukitoka anabaki na saa ya ukutani. Pale akichelewa, kuna watu wanauliza yuko wapi. Wakikosa kivuli kila mtu atabaki kwake, na baada ya mwezi hakuna atakayejua nani mgonjwa na nani mzima."

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Siku zote hizi nimemwona kama bibi mbishi anayezuia kazi, na nimekuwa nikijihurumia sana, hata kwenye karatasi hizi. Leo imeniuma. Lakini kuniuma hakuzuii tawi kuanguka.

Ijumaa, 20 Machi

Leo itachukua kurasa, na naandika kwa jicho moja.

Niliamua kufanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo: kumwonyesha. Nikaenda langoni na nyundo, nikasimama mbele yake na wenzake wanne, nikasema, "Mama, sikusema kweli, na naomba radhi. Leo sitaki uniamini. Sikiliza tu mwenyewe."

Hakunijibu, lakini fimbo iliacha kuchora mchangani, nikajua anasikiliza. Nikagonga kwanza mti wa jirani yake, ulio mzima. Ko. Kisha mjohoro, chini. Bu.

Mama mkwe akamgeukia mwenzake. "Mwambie huyu bwana hata mimi nikigongwa mgongoni nalia hivyo hivyo, na sijaanguka."

Wote wakacheka. Na mimi, badala ya kuondoka na heshima ndogo iliyobaki, nikapandwa na ubishi. Nikapanda juu ya benchi, nikagonga pale tawi kubwa linapoanzia, kwa nguvu zangu zote. Nikagonga tena. Ndani ya mti kitu kikanguruma. Kinyozi, aliyekuwa anakusanya matawi huko nyuma, akasema kwa upole kabisa, "Bosi, hiyo nyumba ina watu."

Nyuki walitoka kwenye tundu ambalo kwa miaka yote sikuwahi kuliona. Hawakutoka mmoja mmoja.

Wenzake mama mkwe wana magoti mabovu, presha na miguu inayovimba, lakini sijawahi kuona wazee wakikimbia vile. Bwana mmoja alimpita Kinyozi. Benchi likabaki na mama mkwe peke yake, kwa sababu goti lake halikunjuki bila kubembelezwa, na mimi niliyekuwa juu ya benchi lile lile nikijipiga makofi usoni.

Mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hayo najua. Lakini hakuna aliyenifundisha nyuki wakiwepo inakuwaje. Kando ya njia kulikuwa na toroli la Kinyozi limejaa majani makavu. Nikasema, "Mama, samahani sana," nikamnyanyua, nikamketisha juu ya majani, nikamfunika kwa koti langu na kuanza kukimbia.

Toroli lile gurudumu lake linavuta kulia. Kinyozi amekuwa akinikumbusha tangu mwaka jana nilitengeneze. Tukawa tunaelekea moja kwa moja kwenye bwawa la bata, na mimi jicho moja limeshafungwa.

"Kushoto!" sauti ikatoka ndani ya koti. "Kushoto, nimesema! Kushoto ni mkono gani?"

Nikaenda kushoto. Tukaingia stoo, nikafunga mlango kwa mgongo. Tukabaki mle kwenye giza, mimi, mama mkwe ndani ya toroli, reki, na nyuki wawili waliokuja na sisi. Nje wenzao wanavuma. Tulikaa muda mrefu. Nikaona ndio wakati wa kushukuru Mungu kwa jambo moja.

"Mama," nikasema, "angalau umesema na mimi."

Kwa sauti ya mtu anayejibu ukuta: "Nilikuwa nasema na toroli."

Jumamosi, 21 Machi

Mdomo umevimba, sikio la kushoto limekuwa boga. Mke wangu anatoka chumbani kila anaponitazama, na namsikia akicheka jikoni. Mama mkwe hakuumwa hata mahali pamoja.

Mezani: "Mwambie mumeo apake kitunguu." Nimepaka. Nanuka, na bado nimevimba.

Jumatatu, 23 Machi

Mfuga nyuki amekuja kuutazama mti. Anasema kundi ni kubwa na ndani kuna nafasi ya kundi jingine kama hilo. Atawahamisha wiki hii. Mpaka hapo nimezungusha kamba, na hakuna mtu anayekaa. Mama mkwe ameketi ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi za duka, peke yake, akiutazama. Wenzake hawakuja. Ni kama alivyosema.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Ilianza alfajiri na upepo wake.

Nilipofika bustanini Kinyozi alikuwa amesimama langoni, kofia mkononi. Lile tawi nililoligonga limeshuka. Benchi la mama mkwe limevunjika katikati, na lile la pembeni, analokalia bwana mwenye mbio, huwezi kujua lilikuwa benchi. Kama si nyuki na kamba yangu, saa ile wazee wangekuwa wamefika. Mama mkwe hujifunika mfuko wa plastiki kichwani na huja hata mvua ikinyesha.

Nikashika ukuta. Sikutaka kuwa sahihi kiasi hiki.

Nilipogeuka alikuwa amesimama nyuma yangu, na mfuko wake wa plastiki. Alitazama benchi kwa muda. Akamwambia Kinyozi, "Mwambie bosi wako akate. Lakini akate vizuri, mti usije ukaangukia mtu."

Kinyozi akanigeukia. "Bosi, unaambiwa ukate."

"Mwambie nimesikia," nikasema. Na mimi nimeshaambukizwa.

Jumatatu, 30 Machi

Nyuki wamehamishwa salama. Mjohoro tumeukata leo.

Wenzake wote walirudi. Mama mkwe alivaa gauni lake la kwenda kwenye shughuli. Kinyozi alishusha tawi moja moja kwa kamba, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufanya mzaha hadi mwisho. Shina lilipolala, mama mkwe akasogea, akaingiza fimbo yake kwenye uwazi. Ikaingia yote hadi kwenye mpini. Akaichomoa, akaipangusa kwa leso, akaenda nyumbani.

Jioni hakuagiza hata chumvi.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Kung'oa kisiki ni tope tupu.

Jumatano, 8 Aprili

Tumepanda. Pale langoni nimechagua mkungu, maana kivuli chake ni kipana na hauna haraka ya kuoza. Mche wenyewe unanifika gotini.

Mama mkwe alikuja kuukagua. "Kinyozi, muulize bosi wako hiki ni nini. Kalamu?"

"Ni mkungu, Mama," nikasema.

"Mwambie mimi naona kalamu."

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Mkungu una majani sita. Wenzake mama mkwe hawaji. Yeye yuko chumbani, mlango umeegeshwa, na mke wangu anapika vitu anavyovipenda na vinarudi vimepunguzwa kidogo tu. Fundi wa benchi nimempigia simu kila siku wiki nzima.

Jumanne, 28 Aprili

Benchi mpya zimefika. Nimezipanga duara kuuzunguka mche, si chini ya miti mingine yenye kivuli tayari. Kinyozi anasema nimechanganyikiwa, nani atakaa juani kutazama kalamu. Nimemwambia ni mahali pao, si pangu.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua zimeachia. Leo jua lilikuwa kali toka asubuhi.

Saa tatu nilimwona akivuka barabara na fimbo na mto wake. Alizipita benchi zote, akaketi kwenye lile lililo karibu na mche kabisa. Niliacha reki nikaenda, maana hawezi kukaa pale, ataungua.

"Mama, hapa hakuna kivuli. Kule nyuma kuna mti mzuri, nikupeleke?"

Akanyanyua uso. Akanitazama mimi, si pembeni yangu. "Baba Pacha, huu utachukua muda gani mpaka mtu akae chini yake?"

Ningeweza kusema miaka mitatu. Mdomo ulikuwa umeshapata nafasi. "Miaka kumi, Mama. Labda kumi na miwili."

Alikaa akihesabu, na nilijua anachohesabu, maana na mimi nilishakihesabu siku tulipochimba shimo. Hakuna kati yetu aliyetaja jibu.

"Sawa," akasema. "Bora umesema." Kisha akamwona yule bwana mwenye mbio akiingia langoni, na bibi mwingine nyuma yake, akawapungia fimbo kama anavyoita watoto kutoka uwanjani. "Njooni huku. Na mwavuli, kama mmekuja nao."

Akanigeukia tena. "Nisogezee benchi upande huu, mwanangu. Hilo jua linatokea kule."

Nikalisogeza. Jua likampiga mgongoni barabara, nikamwambia hivyo, kwamba sasa ndio linampiga zaidi.

"Mimi nimeshakua," akasema. Akajiweka sawa kwenye mto, na kivuli chake kikaufunika mche wote, majani na kijiti chake. "Haya, nenda kazini. Mchana uje unisogeze tena."

Nimeenda saa sita. Na saa nane.